Kichocho Kilichofichika kwa Wanawake

Tuliokulia karibu na mito na mabwawa tunakijua kichocho kwa dalili moja: mkojo wa damu. Mvulana akiukojoa, wakubwa hujua mara moja kwamba ameoga maji mabaya. Habari za dada yake hazikusimuliwa hivyo, nami nimefuata nyayo zake nione zilipopotelea.

Zinaanzia Cairo. Mwaka 1851, daktari Mjerumani Theodor Bilharz alipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini akakuta minyoo ya kichocho ndani ya mishipa ya damu. Dume ana mfereji mwilini, na jike mwembamba hulala humo kama aliyekumbatiwa. Mwaka 1910 mtafiti Marc Armand Ruffer akaona mayai yao katika figo za maiti zilizohifadhiwa tangu Misri ya kale, miaka kama 3,000 iliyopita. Miaka mitano baadaye, hukohuko Misri, mtafiti Robert Leiper akathibitisha kwamba kimelea hiki hukua ndani ya konokono kabla ya kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini.

Lakini tangu mwaka 1899, Frank Cole Madden, daktari wa upasuaji mjini Cairo, alikuwa ameshaandika katika jarida la Lancet juu ya kichocho ukeni. Kumbe habari ilikuwepo! Vitabu vikaendelea na kibofu, mwanamke akaachwa pembeni kwa miongo mingi. Naliona kosa kubwa.

Yai la kichocho lina mwiba. Likinasa kwenye shingo ya kizazi, nyama huvimba kulizunguka, na daktari akichungulia kwa kifaa cha kukuza huona mabaka ya manjano, kama chembe za mchanga. Mama hutokwa damu, huumia katika tendo la ndoa, pengine hakosi mimba tu bali na amani ya nyumba: zahanati imemwandikia dawa za magonjwa ya zinaa, na mume anataka kujua kayatoa wapi.

Katika miaka ya 1990, watafiti wilayani Mwanga, Kilimanjaro, walikuta wanawake wenye mayai kwenye shingo ya kizazi ilhali mkojo wao hauna hata moja. Shirika la Afya Duniani linataja makadirio ya hadi wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wenye kichocho cha sehemu za uzazi. Prazikuanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo, ila makovu ya zamani huweza kubaki. Ndiyo maana binti asikose dawa angali mdogo.

Nawe muuguzi, kabla hujamwandikia dada huyo dawa ya zinaa kwa mara ya tatu, muulize: utotoni ulikuwa ukioga wapi?