Audrey Hepburn alipovaa usista Stanleyville

Januari 2028 itatimia miaka 70 tangu Audrey Hepburn afike Stanleyville, Kisangani ya leo, kuigiza filamu ya The Nun's Story. Sisi wa Kivu tumezoea wageni wenye kamera. Tusichozoea ni kuuliza waliyempiga picha alikuwa nani.

Hepburn alizaliwa Brussels tarehe 4 Mei 1929. Mama yake, Ella van Heemstra, alitoka katika ukoo wa makabaila wa Uholanzi. Vita vilimkuta Arnhem, na katika baridi ya 1944 kuamkia 1945 akaijua njaa iliyowafanya Waholanzi wale hata vitunguu vya maua ya tulipu. Mwaka 1948 alionekana kwenye filamu ya Kiholanzi akiwa mhudumu wa ndege. Roman Holiday ya 1953 ikamletea Oscar.

Stanleyville aliigiza Sista Luka, mtawa wa Kibelgiji na muuguzi. Mwongozaji, Fred Zinnemann, alisimulia baadaye kwamba nyota huyo aliomba kitu kimoja tu: kiyoyozi. Studio ya Burbank, California, ikakituma bila kuchelewa. Kikawashwa, joto likabaki palepale. Walipokichunguza wakagundua ni mashine ya kuongeza unyevu hewani! Kwa mji uliokaa kando ya Mto Kongo, karibu kabisa na ikweta, hiyo ni sawa na kupeleka jibini Masisi, nyumbani kwa jibini. Na Hepburn alikuwa ndani ya vazi la sista, kitambaa tangu kichwani hadi miguuni.

Kisa hicho kinachekesha. Kisichochekesha ni orodha ya waigizaji. Kalulu, Mkongomani wa kwenye hadithi, aliigizwa na Orlando Martins wa Nigeria. Illunga, jina ambalo Mluba yeyote analitambua, alipewa Errol John wa Trinidad. Wakongomani wenyewe walijaza umati na wodi. Wagonjwa wa ukoma walioonekana walikuwa wagonjwa kweli, wa Yakusu, misheni ya Wabaptisti wa Uingereza iliyokuwa mbele kidogo, kule mto unakoelekea. Nyuso zao zimezunguka dunia, majina hayakuandikwa.

Filamu ilitoka mwaka 1959, ikateuliwa kuwania Oscar nane, isipate hata moja. Oktoba mwaka huohuo Stanleyville ikawaka kwa ghasia za kudai uhuru na punde Lumumba, kiongozi wa madai hayo, akakamatwa. Kongo tulivu ya masista ilipitwa na wakati ikiwa bado kwenye majumba ya sinema.

Filamu zake za baadaye, Breakfast at Tiffany's na My Fair Lady, zinajulikana. Uzeeni Hepburn aliitumikia UNICEF, akaenda Ethiopia mwaka 1988 na Somalia mwaka 1992. Alifariki Uswisi tarehe 20 Januari 1993.  Mwaka mmoja na nusu baadaye, wakimbizi wa Rwanda walifurika Goma, naye hakuwepo tena kuwatetea.

Hatuna sababu ya kumchukia dada huyu. Alijua njaa, na hakuisahau. Lakini Goma ina Yole!Africa, kituo cha utamaduni kilichoanzisha tamasha la filamu la SKIFF, na vijana wanaoongoza, kuigiza na kuhariri wenyewe. Miaka 70 ikitimia, filamu hii ioneshwe Goma na Kisangani, na wazee wa Yakusu waulizwe: yule mgonjwa aliyekaa kitandani ni baba wa nani? Hollywood haikuuliza. Sisi tukinyamaza, tutakuwa na kisingizio gani?