Kubadili jina la mtaa Berlin: Nani aulizwe kwanza?

Tarehe 23 Agosti mwaka 2024, katika kitongoji cha Wedding jijini Berlin, barabara iliyojulikana tangu mwaka 1939 kwa jina la Petersallee iligawanywa sehemu mbili na kupewa majina mawili mapya. Sehemu moja sasa yaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa kumbukumbu ya mwanamke wa Kiherero aliyeuawa mjini Windhoek mwaka 1959 katika maandamano ya kupinga kuhamishwa kwa nguvu. Sehemu ya pili yaitwa Maji-Maji-Allee.

Kwa msomaji wa Songea, Kilwa au Mahenge jina hilo la pili halihitaji maelezo. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyoletwa na uchomaji wa mashamba na maghala, viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Linalohitaji maelezo ni kwa nini ilichukua miaka minane, tangu baraza la wilaya ya Mitte lilipoamua mwaka 2016, hadi vibao vikawekwa.

Sababu haikuwa Carl Peters mwenyewe. Waliojitokeza kumtetea hadharani walikuwa wachache mno. Ugomvi ulikuwa juu ya nani aulizwe, lini, na jawabu lake liwe na uzito gani.

Mkono wa damu

Peters ndiye aliyepita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884 akikusanya mikataba ambayo waliotia alama zao hawakuweza kuisoma. Baadaye, akiwa mwakilishi wa dola ya Ujerumani huko Kilimanjaro, aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk na msichana aitwaye Jagodja. Waafrika walimwita Mkono wa Damu. Hata Ujerumani ya wakati ule ilimwona amepita mpaka, na mwaka 1897 akafukuzwa utumishi. Ni utawala wa Hitler uliomrudishia heshima na kumpa barabara.

Mtaa ilimo barabara hiyo huitwa Mtaa wa Kiafrika. Majina yake ya mwanzo, Kamerun na Togo, yaliwekwa mwaka 1899, na baadaye mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kujenga karibu yake bustani ya kuonyesha wanyama, na pia watu, kutoka makoloni. Vita vya mwaka 1914 vilizima mpango huo, lakini majina yaliendelea kuongezwa: Tanga, Usambara, Sansibar, Uganda.

Mwaka 1986 wakuu wa wilaya walidhani wamepata njia ya mkato. Barabara iliendelea kuitwa Petersallee, ila ikatangazwa kwamba Peters anayekumbukwa ni mwingine, yaani Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Mkazi hakubadili anwani, wala mjumbe wa nyumba kumi, kama angekuwapo, hakusumbuliwa. Ilikuwa werevu wa ofisini, na mashirika ya Waafrika na Wajerumani weusi hayakukubali kwamba jina laweza kutakaswa kwa tangazo.

Swali la kwanza na swali la pili

Baada ya uamuzi wa mwaka 2016 wilaya iliwaalika wananchi kupendekeza majina, na hasa ya wanawake wa Kiafrika walioupinga ukoloni. Mapendekezo yalikuwa karibu 200. Kwa mtazamo wa mbali, ushirikishwaji gani zaidi ungetakiwa?

Hata hivyo, wakazi na wenye maduka waliokuwa na manung'uniko walisema wameulizwa swali la pili bila kuulizwa la kwanza. Waliitwa kusema jina jipya liwe lipi wakati suala la kubadili au kutobadili lilikwisha kuamuliwa. Hoja zao nyingine zilikuwa za maisha ya kila siku: kitambulisho, benki, bima, karatasi zenye anwani ya duka, wateja na wagonjwa watakaopotea njia. Si hoja za kudharauliwa. Mwenye karakana ndogo hulipia mwenyewe kibao kipya cha mlangoni.

Upande wa pili uliuliza ni nani hasa mkazi. Je, ni yule tu mwenye sanduku la barua katika barabara hiyo? Mtoto mwenye asili ya Tanzania au Namibia apitaye hapo kwenda shule naye husoma kibao. Wajukuu wa walionyongwa Songea hawana sanduku la barua Wedding, lakini jina lililotundikwa pale lilihusu damu yao. Hoja hii ni nzito, na kura ya wenye nyumba pekee haiwezi kuibeba.

Jopo la siri

Kilichoharibu imani ya pande zote ni hatua iliyofuata. Jopo liliteuliwa kuchuja mapendekezo, nalo likakutana kwa faragha bila majina ya wajumbe wake kutangazwa. Mwaka 2017 liliporudi na majina sita, mojawapo lilikuwa la Malkia Nzinga wa Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo. Nzinga aliwapiga vita Wareno kwa miongo mingi, lakini pia aliuza mateka katika biashara ya utumwa. Magazeti yalilidaka jambo hilo, na waliokuwa wakipinga mabadiliko wakapata silaha ambayo hawakuitafuta.

Wilaya ililazimika kusimamisha kazi na kuwaita wanazuoni kuyapima majina upya. Mwezi Aprili mwaka 2018 baraza likapitisha orodha nyingine. Hapo zilianza pingamizi za maandishi, zikaja kwa mamia, na baadaye kesi. Majirani wawili wa Petersallee walitangulia kufika: tarehe 2 Desemba mwaka 2022 uwanja wa Nachtigalplatz ulipewa jina la Manga Bell, mfalme wa Duala aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1914, pamoja na mkewe Emily. Siku hiyo hiyo Lüderitzstraße ikawa Cornelius-Fredericks-Straße, kwa heshima ya kiongozi wa Wanama aliyefia kambini Namibia.

Katika katikati ya jiji, kesi ya Mohrenstraße, barabara iliyobeba neno la kale la kuwadunisha watu weusi, ilionyesha mpaka wa haki ya mkazi mbele ya sheria. Pingamizi zaidi ya 1,000 ziliwasilishwa. Mwaka 2023 mahakama ya Berlin iliamua kwamba jina la barabara huwekwa kwa faida ya umma. Mkazi aweza kudai tu kwamba uamuzi usiwe wa kiholela, lakini hawezi kudai kuchagua jina. Tarehe 23 Agosti mwaka 2025, baada ya amri ya kusimamisha kutolewa na kutenguliwa dakika za mwisho, barabara hiyo ikaitwa Anton-Wilhelm-Amo-Straße, kwa jina la mwanafalsafa wa karne ya 18 aliyezaliwa katika Ghana ya leo.

Sheria, basi, haiwalazimishi wakuu wa wilaya kuwasikiliza wakazi kwa kina. Gharama ya kutowasikiliza mapema huonekana katika miaka. Wala si Berlin tu: mwaka 2021, Kileleshwa jijini Nairobi, kibao kipya kilichoibadili Dik Dik Road kuwa Francis Atwoli Road kiliangushwa, kikarudishwa, kikachomwa moto. Tanzania, katika kazi ya anwani za makazi iliyofanyika kabla ya sensa ya mwaka 2022, ilipitisha majina ya barabara nyingi katika vikao vya mitaa na vijiji, ngazi ambayo watu hufahamiana kwa sura.

Jina la binti wa Njia Panda

Katika wilaya ya Neukölln, kusini mwa jiji, palikuwa na barabara ya Hermann von Wissmann, aliyeikandamiza pwani katika vita vya Abushiri. Jambo la kustaajabisha ni kwamba nyumba ya tamaduni za mataifa ilikuwa papo hapo, na kwa miaka mingi barua zake zilibeba jina la Wissmann.

Huko nako wananchi walialikwa kupendekeza majina na jopo likachuja. Miongoni mwa majina ya mwisho lilikuwamo la Nduna Mkomanile, mwanamke wa Kingoni aliyenyongwa Songea mwaka 1906. Lakini lililochaguliwa ni la Lucy Lameck, muuguzi aliyezaliwa mwaka 1934 Njia Panda, karibu na Moshi, akaingia TANU, akasoma Oxford, na akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri katika serikali ya Tanganyika huru. Hakuwahi kupigana na Wissmann. Alizaliwa miongo mitatu baada ya kifo chake. Waliomchagua hawakutaka barabara imkumbushe mpita njia juu ya mnyongaji na mnyongwa peke yao.

Vibao vya Lucy-Lameck-Straße viliwekwa mwezi Aprili mwaka 2021. Kwa desturi ya Berlin, kibao cha zamani hakikuondolewa mara moja. Kiliachwa chini ya kipya kwa miezi kadhaa, kikiwa kimekatwa kwa mstari mwekundu, ili mtarishi na mgeni wasipotee.