Gari la kale: Namna ya kulisafirisha kutoka Migori na Homa Bay kwa gharama nafuu

Si ajabu, katika maboma ya Migori na Homa Bay, kukuta Peugeot 404 au Land Rover ya zamani imeegeshwa chini ya mwembe, magurudumu yamezama ardhini na kuku wakitaga kitini. Mzee aliyeinunua alikwisha fariki. Mwanawe aliye Nairobi angependa kuifufua, lakini anahofia gharama ya safari inayokaribia kilomita 400. Huku yeye akisitasita, mnunuzi wa vyuma chakavu anapiga hodi kwa mjane, mizani mkononi.

Mizani hiyo haipimi historia. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ndugu yake, 504, ilishinda mwaka 1975 na 1978. Tangu 1970, maonyesho ya Concours d'Elegance jijini Nairobi yamewapa wenye magari ya aina hiyo mahali pa kuyaringia.

Jambo la kwanza ni hati. Ikiwa gari bado limesajiliwa kwa jina la marehemu, haliwezi kuhamishiwa jina jingine kabla ya mahakama kumteua msimamizi wa mirathi kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Baada ya hapo ndipo maombi hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Aliyepoteza hati ya umiliki huanzia kituo cha polisi kuripoti kupotea kwake. Ndugu wote nao wakubaliane kwa maandishi, kwani gari linaloondolewa bomani kimyakimya huzua ugomvi ambao gharama yake hupita nauli ya lori lolote.

Njia inayoonekana kuwa rahisi kuliko zote ni kulifunga gari kamba na kulivuta. Kwa safari hii, huo ni mchezo wa hatari. Barabara inapanda kutoka Migori kupitia Awendo na Rongo hadi vilima vya Kisii, inapitia Sotik, Bomet na Narok, kisha inateremka Bonde la Ufa na kupanda tena kutoka Mai Mahiu kwa njia iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mteremkoni, kamba haizuii kitu. Anayetegemewa kusimamisha gari la nyuma ni mtu aliyeketi ndani yake, akikanyaga breki ambazo huenda hazijatumika kwa miaka 20.

Kukodi lori maalumu la kubebea magari kutoka Nairobi ni salama, ila mteja hulipia kwenda na kurudi. Nafuu ya kweli imo katika lori linalorudi. Kila wiki malori huleta saruji, mabati na bidhaa za madukani Migori, Rongo na Homa Bay. Baadhi hurudi na ndizi za Kisii, mahindi au omena, na mengine hurudi matupu. Lori tupu limekwisha lipiwa dizeli yake na mwenye saruji, hivyo chochote kitakachoongezwa ni faida. Hapo ndipo bei hupatanwa. Mapatano yafanywe na mwenye lori mwenyewe, wala si dereva peke yake, na yaandikwe.

Uzito si tatizo kubwa, kwani 404 ina zaidi kidogo ya tani moja. Urefu ndio wa kuangaliwa: gari hilo hukaribia mita nne na nusu, na si kila Canter ina kitanda kirefu kiasi hicho. Mwenye gari apime kwa futi kabla ya kulipa arubuni.

Kupakia ndiko huwatoa watu jasho. Pasipo winchi, lori hurudishwa nyuma hadi kwenye ukingo wa ardhi ulio sawa na kitanda chake, au kwenye jukwaa la kupakilia mifugo katika soko la ng'ombe, kisha gari husukumwa ndani. Kwa hiyo sharti magurudumu yazunguke. Breki zilizoganda hulegezwa na fundi papo hapo kijijini, na matairi yaliyooza hubadilishwa kwa ya kuazima. Ikumbukwe pia kwamba udongo mweusi wa nyanda za karibu na ziwa hunasa hata trekta wakati wa masika. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuchagua.

Wapo wanaolifungua gari vipande vipande ili nafasi ipungue. Meli ya William Mackinnon ililetwa Kisumu kwa namna hiyo na kuanza kuelea ziwani mwaka 1900, lakini ilichukua miaka kadhaa. Gari lililofunguliwa hupoteza skrubu, vioo na mipira ya milango ambayo leo haipatikani madukani.

Likishapakiwa, lifungwe kwa mikanda kwenye magurudumu au ekseli, kamwe si kwenye bampa, na magurudumu yazuiwe kwa magogo. Kamba ya katani hulegea, basi dereva asimame Rongo, Kisii na Narok kuikaza. Betri itolewe na petroli imwagwe. Nembo, taa na vifuniko vya magurudumu visafiri na mwenye gari, kwa sababu ndivyo huibwa kwanza. Picha zipigwe pande zote kabla ya safari, na bima ya mizigo iulizwe mapema. Bima ya kawaida ya lori dhidi ya madai ya watu wengine hailipii shehena.

Wa Mbita na Rusinga wana njia nyingine. Feri ya Mbita hadi Luanda Kotieno hubeba magari, na kutoka huko ni safari ya kwenda Kisumu, ambako malori yanayoelekea Nairobi ni mengi zaidi na ushindani huishusha bei. Nauli ya feri iongezwe kwenye hesabu kabla ya kuamua.