Wastani wa Nani?

Katika lugha ya hesabu, hakuna neno linaloaminika upesi kama wastani. Tunasema mtu wa kimo cha wastani, maisha ya wastani, na msikilizaji anapata picha ya hali ya kawaida: si juu mno, si chini mno. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya katikati. Darasani, hata hivyo, wastani si lazima ukae katikati: ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Maana hizi mbili huishi kwa amani mpaka zifike mitaa ya matajiri.

Januari 2019, bilionea Ken Griffin alilipa takriban dola milioni 238 kwa makazi katika jengo la 220 Central Park South, Manhattan, bei ambayo Marekani ilikuwa haijawahi kuiona kwa nyumba moja. Tuseme kwenye orodha hiyohiyo kuna nyumba nyingine nne: mbili za milioni 1, moja ya milioni 2 na moja ya milioni 3. Wastani ni milioni 49, bei ambayo hakuna aliyeilipa. Zipange kuanzia ya chini, na ya tatu ni milioni 2. Hiyo ndiyo mediani. Mimi napenda kuiita bei ya kati. Kiarabu cha leo kimeugawa mzizi uleule: mutawassit ni wastani, wasit ni mediani. Sisi tulichukua neno moja tukalitwisha mizigo yote miwili.

Bei ya kati nayo haitoshi, kwa sababu ya neno mauzo. Takwimu za soko la nyumba huhesabu nyumba zilizouzwa, si zilizopo. Robo hii ya mwaka wakiuza wenye vyumba vidogo na robo ijayo wenye majumba, bei ya kati itapanda bila nyumba hata moja kuongezeka thamani. Ndiyo maana wachumi Karl Case na Robert Shiller walijenga kipimo chao cha bei za nyumba juu ya nyumba zilezile zinapouzwa tena.

Kisha kuna tarehe. Mauzo huhesabiwa yanapokamilika, ilhali bei ya Griffin ilikubaliwa miaka kadhaa nyuma. Tena, tarehe 1 Julai 2019 New York iliongeza kodi kwa wanunuzi wa nyumba za kuanzia dola milioni 2, hadi asilimia 3.9 kwa zile za milioni 25 na zaidi. Wengi waliharakisha kukamilisha ununuzi kabla ya siku hiyo. Aliyeandika kwamba soko limechangamka alikuwa akipima haraka ya kukwepa kodi.

Basi, wahariri wa kurasa za biashara, tuliachie neno wastani kazi yake ya kugawanya, tuandike bei ya kati panapohusika, na kando yake tutaje daima ni nyumba ngapi zilizouzwa. Takwimu isiyotaja idadi hiyo haistahili kichwa cha habari.