Robo inchi

Shosho alipotuacha mwaka jana, mimi nilipewa mfuko wa leso zake. Zilikuwa 11, nyingine zimechujuka, nyingine rangi bado inauma macho. Mama alisema baridi ya Julai imekaribia, na hangependa leso hizo ziishie kuwa vitambaa vya kudekia. Nikamwahidi mfarishi wa viraka. Nilikuwa na cherehani ya kuazima, video za YouTube na imani kubwa. Si ni kushona mraba na mraba tu?

Ilinigharimu leso mbili kujua kuwa sijui.

Nilikata viraka vya inchi 2 na nusu kila upande, 12 kwa kila mstari. Mshono ulipaswa kula robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Wangu ulikula milimita 1 na nusu zaidi. Ukiangalia kwa macho, si kitu. Lakini mshono hula pande zote mbili, kwa hivyo kila kiungo kilimeza milimita 3, na viraka 12 vina viungo 11. Piga hesabu: milimita 33, zaidi ya inchi moja na robo. Mstari wa pili niliushona siku nyingine, ukatoka mrefu kuliko wa kwanza. Pembe zikakataa kukutana. Haba na haba hujaza kibaba, hata haba ya makosa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba leso za Shosho haziuzwi tena popote. Nilichoharibu kimeharibika.

Nikabeba aibu yangu hadi kwa mama mmoja wa ploti yetu hapa Kitengela, ambaye ana kibanda cha ushonaji. Kabla ya hapo alikuwa EPZ kwa miaka mingi. Na hapo historia ya mtaa wetu inaingia. Sheria ya EPZ ilipitishwa 1990, na eneo la Athi River liko ng'ambo tu ya mpaka wetu, upande wa Machakos. Mwaka 2000 Marekani ikapitisha AGOA, iliyoruhusu nguo kutoka nchi kama Kenya kuingia kwake bila ushuru. Viwanda vikaajiri mafundi zaidi, na mafundi wanahitaji pa kulala. Wengi walipanga Kitengela. Hizi nyumba za kupangisha unazopita ukienda Namanga, nyingi zimelipiwa na mikono inayoshona.

Kiwandani, aliniambia, mtu mmoja hashoni shati zima. Huyu anashona kola, yule mfuko, mwingine anaunganisha mikono. Ukikosea kidogo, anayeumia ni aliye mbele yako kwenye laini.

Alinitazama nikishona, akacheka. "Mwanangu, wewe unaangalia sindano. Sindano haiendi mahali. Angalia ukingo wa kitambaa."

Akapima robo inchi kutoka kwenye sindano, akabandika hapo plasta ya kidonda, tabaka tatu, ili ukingo wa kitambaa uwe na ukuta wa kuegemea. Kisha akanipa vipande vitatu vya mabaki, kila kimoja upana wa inchi moja na nusu. Nivishone ubavu kwa ubavu na kupiga pasi. Cha katikati lazima kibaki inchi moja kamili. Changu kilipungua. Tukasogeza plasta. Kikapungua tena. Kumbe hiyo robo inchi inafaa iwe kasoro uzi mmoja, kwa sababu kitambaa kikilazwa, mkunjo nao hula chake. Mara ya nne kipimo kikakubali.

Mengine alinipa polepole. Leso kuukuu imelegea, kwa hivyo ichovye kwenye maji ya wanga na uipige pasi kabla ya kukata. Fuata uzi wa kitambaa, usikate mshazari, maana mshazari huvutika. Pasi iwekwe na kuinuliwa, isiburutwe. Mishono ya mstari mmoja ilazwe kulia, ya mstari unaofuata kushoto, ili ikikutana ishikane.

Nikiwa nasubiri leso zikauke, nikaanza kusoma leso zilitoka wapi. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, ambao huita kitambaa cha mkono lenço. Simulizi inayojulikana zaidi inasema kuwa katika karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado kwenye jora, sita kwa pamoja. Walivikata vitatu vitatu, wakaunganisha vipande hivyo viwili kwa mshono, wakapata vazi moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Kwa hiyo leso ilianza kama viraka. Nilidhani nabuni kitu, kumbe narudisha kitambaa kwenye mwanzo wake.

Ardhi nayo imekatwa. Sheria ya 1968 iliweka sehemu kubwa ya Kajiado chini ya ranchi za vikundi. Ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha vipande vikauzwa, vikakatwa tena, hadi nyumbu waliozoea kutoka mbuga ya Nairobi kuja tambarare hizi wakakutana na nyaya. Shosho alinunua ekari yake moja upande wa Kajiado baada ya ugawaji kama huo.

Sasa watoto wake wanne wanaigawa, ploti mbili mbili, 50 kwa 100. Tunaiita thumuni ya ekari, ila si kweli. Ekari ni futi mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Ploti ya 50 kwa 100 ni 5,000. Ploti nane zinabakisha futi 3,560, na hizo ndizo barabara.

Mjomba wangu mmoja anataka barabara ipunguzwe, ibaki ya kupita bodaboda tu, ili ploti za mbele zinenepe. Ploti za Mama ziko nyuma. Nilimwambia, "Anko, hiyo barabara ni mshono. Ukiipunja, za nyuma hazitaunganika na chochote." Akaniambia nirudi kwa cherehani yangu.

Nikarudi. Mfarishi uliisha mwezi wa saba, wa leso tisa. Mama alipita na kidole juu ya pembe, moja baada ya nyingine, akitaja leso ilinunuliwa lini na nani. Pembe tatu hazijakutana sawasawa. Alizitambua, hakusema kitu.

Kuhusu barabara, bado wanabishana. Sovea anarudi Jumamosi. Mama ameniomba niende naye, na nibebe futi yangu.