Digoksini

Digoksini ni dawa ya moyo inayotokana na majani ya mmea wa Digitalis lanata. Hutumika hasa kupunguza kasi ya mapigo kwa mgonjwa mwenye mpapatiko wa atria, hali ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu kwa mpangilio. Hupewa pia baadhi ya wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi vizuri. Ni dawa kongwe isiyovumilia uzembe, kwa sababu kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana sana.

Mwaka 1785 William Withering, daktari wa Birmingham nchini Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu Digitalis purpurea, mmea wa jamii hiyohiyo, baada ya kuutumia kwa miaka kutibu watu waliovimba mwili. Fununu aliipata katika mchanganyiko wa mitishamba wa bibi mmoja wa Shropshire. Kilichompa heshima ya kudumu ni kuyaandika madhara bila kuyaficha: kutapika, mapigo kushuka mno, na vitu kuonekana vya kijani au manjano. Muuguzi wa leo bado anaweza kuitambua sumu ya digoksini kwa dalili hizo. Digoksini yenyewe ilitengwa mwaka 1930 na mwanakemia Sydney Smith.

Kemikali zinazofanana na digoksini zilijulikana Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Waata, Wagiriama na Wakamba walichemsha miti ya Acokanthera kupata sumu ya mishale, na kiini cha sumu hiyo, wabaini, huushika moyo kwa namna ileile ya digoksini. John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alitambua akiwa na David Livingstone katika msafara wa Zambezi kwamba sumu nyingine ya mishale, iitwayo kombe, hubadili mapigo ya moyo. Kutokana na sumu hiyo, Thomas Fraser wa Edinburgh alipata dawa ya strofantini.

Ndani ya chembe za misuli ya moyo, digoksini huzuia pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Pampu hiyo iligunduliwa na Jens Skou wa Denmark, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1957 na kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Pampu ikizuiwa, sodiamu hujaa ndani ya chembe, kalsiamu nayo huongezeka, na msuli hujikunja kwa nguvu zaidi. Dawa huchochea pia neva ya vagasi, ambayo hupunguza kasi ya umeme unaoshuka kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Mgonjwa aliyetulia huona nafuu, lakini akifanya kazi nzito mapigo yanaweza kwenda mbio tena.

Hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha. Digoksini haiondoi mpapatiko, wala haizuii damu kuganda ndani ya moyo. Mgonjwa ambaye valvu yake ya mitrali imebanwa na ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, ugonjwa ambao bado unawapata vijana wengi wa Afrika Mashariki, anapokuwa na mpapatiko huhitaji pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ili asipate kiharusi. Kuacha warfarini kwa kuwa mapigo yametulia ni hatari kubwa.

Kwa moyo ulioshindwa, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1997, wenye wagonjwa 6,800, ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza kulazwa hospitalini lakini haipunguzi vifo. Tangu hapo madaktari wamezidi kuridhika na kiwango kidogo katika damu, takriban nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa mililita. Damu ya kupima ichukuliwe angalau saa 6 baada ya kumeza kidonge. Ikichukuliwa mapema, majibu yatapotosha.

Sehemu kubwa ya dawa hutolewa na figo ikiwa haijabadilika. Figo zikiwa nzima, nusu yake huisha kwa takriban siku moja na nusu hadi mbili. Zikishindwa, huchukua siku kadhaa. Kwa sababu hiyo mzee mwenye figo dhaifu anaweza kutoshelezwa na miligramu 0.0625 kwa siku, wakati mwenzake mwenye figo nzima hupewa 0.25. Kwa mtoto hesabu hufuata uzito, na nukta ya desimali ikikosewa mahali dozi huwa mara kumi. Dozi ya mtoto ihakikiwe na watu wawili.

Potasiamu ikipungua, digoksini hushika pampu kwa nguvu zaidi. Furosemidi, ambayo mara nyingi huandikwa pamoja na digoksini ili kutoa maji mwilini, hupunguza potasiamu. Kuhara na kutapika vilevile. Amiodaroni, verapamili, klarithromisini na hata kwinini ya malaria hupandisha kiwango cha digoksini katika damu. Kwa hiyo anayekwenda duka la dawa kwa homa ya kawaida ataje kwamba anatumia digoksini kabla ya kupewa chochote. Aliyesahau dozi asimeze mbili kufidia.

Sumu ya digoksini huanza kimyakimya: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, uchovu, kuchanganyikiwa kwa wazee. Ni rahisi kudhani ni malaria au tumbo. Mapigo yakiwa chini ya 60 kwa dakika, dozi isubiri hadi mhudumu wa afya aulizwe. Hospitalini dawa husimamishwa, umeme wa moyo hufuatiliwa, potasiamu na figo hupimwa. Dialisisi haisaidii kuiondoa, kwa kuwa imejificha ndani ya misuli. Ipo dawa ya kuikamata, vipande vya kingamwili vya kondoo vilivyotumika kwa binadamu tangu mwaka 1976, lakini bei yake ni kubwa na hospitali nyingi za nchi zenye kipato kidogo hazinayo.