Gunia, Lebo na Kompyuta: Usimamizi wa Madini Masisi na Walikale

Zama za SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganishwa makampuni ya madini ya Kivu, mashariki mwa Kongo, msimamizi wa machimbo alitawala kwa daftari na mizani. Lakini bei ya bati ilipoanguka ulimwenguni mwaka 1985 kampuni ikadhoofu, wachimbaji wadogo wakaishika kazi, na usimamizi ukawa ni maarifa ya mtu kumjua mtu. Huko Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, wapagazi walichukua magunia ya kilo 50 mgongoni hadi kijiji cha Njingala, huku mkuu wa shimo, aliyeitwa PDG, akiwajua watu wake kwa sura, na mnunuzi akitoa fedha kwa amana.

Hali hiyo iligeuzwa na sheria ya mbali. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyoyataka makampuni yachunguze asili ya madini ya Kongo. Septemba Rais Kabila wa Kongo akapiga marufuku uchimbaji huko mashariki, hata Machi 2011. Ukafuata mpango wa iTSCi wa kufuatilia madini kwa lebo, uliofika Rubaya, wilayani Masisi, mwaka 2014. Karani wa serikali alipima gunia la koltani, akalifunga lebo yenye namba yake pekee, na kuandika daftarini uzito, tarehe na shimo. Gunia lilipofika kwa mfanyabiashara lilifungwa lebo nyingine. Kisha namba zote ziliingizwa katika kompyuta na kulinganishwa.

Tangu hapo meneja wa nyumba ya ununuzi mjini Goma, aliyekuwa akiishi kwa habari za madereva, aliweza kulifuata gunia akiwa mezani. Walakini sehemu kubwa ya siku yake ilikwenda katika kueleza kwa wanunuzi wa ng'ambo kilo zilizozidi au kupungua, na rai yake juu ya watu, ambayo ndiyo iliyokuwa ustadi wake, ikapungua thamani mbele ya namba. Nami naona hapo pana hasara, kwa kuwa kompyuta haijui ila aliloandika karani, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuta mara nyingi lebo zikifungwa kwenye madini ya magendo.

Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, na taarifa ya wataalamu hao ya Desemba ikaeleza kwamba tani 150 za koltani, kwa uchache, zilivushwa hadi Rwanda kinyume cha sheria. Watakaounda mfumo ujao, basi, na waanze kwa kumlinda na kumlipa vema yule karani wa mizani shimoni, kabla ya kununua mashine mpya.